Hakuna Atakayebaki Kulalamika

Vijana wa kikosi wameniomba niwaandikie kazi yetu ilivyokuwa zamani. Wao wanaingia godauni wamevaa kidude kifuani kinachopiga kelele gesi ikizidi, na wamesikia kwamba sisi tulitegemea pua. Ni kweli. Wenye pua mbaya hawakukaa sana kazini, na wengine hawakukaa sana duniani. Basi naandika, hapa barazani kwangu Likoni, mstaafu wa mwaka huu, mwenye saa ya ukutani niliyopewa siku ya kuagwa. Ilisimama wiki hiyo hiyo. Vyeo na mishahara sitavitaja. Havikuwa vya kutaja.

Sisi tulikuwa watu wa dawa. Meli zikishusha mahindi, ngano na mchele bandarini, mzigo huletwa kwenye magodauni ya Changamwe kungoja malori ya bara, na ndani ya mzigo huja fukusi, wale wadudu wadogo wanaopekecha nafaka. Kazi yetu ilikuwa kuyafunika magunia kwa turubali la plastiki, kuzizungushia kingo zake mifuko mirefu ya mchanga ili hewa isipite, kufungua mikebe ya vidonge, kuvipanga chini ya turubali, na kutoka. Vidonge vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi. Baada ya siku kadhaa tunafunua, na hakuna kinachotambaa. Gesi hiyo hunuka kama kitunguu saumu kilichooza, na mpaka leo mke wangu akikaanga kitunguu saumu mimi hutoka nje. Amezoea.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Mzee Mutua, kiongozi wa kikosi, Mkamba aliyekuwa akikaa Chaani katika chumba cha mabati alichokiita kambi, ingawa alikaa humo mpaka nywele zikawa nyeupe. Alikuwa mfupi, mwenye macho mekundu. Mimi nimelelewa Likoni, kwa shikamoo na marahaba. Nikamwamkia, akanitazama kama nimemwomba kitu.

"Weka sikio hapa," akasema, akanisukumia kwenye gunia la mahindi.

Nikaweka. Ndani mlikuwa na sauti, kama mvua ndogo inayonyesha juu ya makuti, mbali.

"Unasikia?"

"Nasikia, mzee. Ni nini?"

"Ni watu wanakula. Hawajui wewe uko hapa. Kumbuka hiyo sauti, siku utaanza kuona hii kazi ni ya kumwaga dawa tu."

Alizoea kuwaita fukusi watu. Nilidhani ni utani wa bara.

Alinifundisha kuvaa barakoa ya gesi, ile ya mpira yenye chujio mbele. Unaziba chujio kwa kiganja, unavuta pumzi. Barakoa ikikushika uso kama mkono wa mtu, ni nzima. Hewa ikipenya, ivue uirudishe stoo, hata kama stoo hakuna nyingine. Stoo mara nyingi hakukuwa na nyingine. Alinifundisha kwamba kabla ya kufungua mkebe, mtu wa dawa anapanda juu ya magunia na kuita, kwa sababu makuli hupenda kulala huko juu penye joto. Halafu anatoka nje na kulizunguka godauni lote, akigonga na kunusa. Hilo la kuzunguka wenzetu wengi waliliona upuuzi. Mutua alikuwa akisema, "Ukuta uko na upande mbili, na wewe unajua moja."

Tulipofunua rundo langu la kwanza nilipewa ufagio. Fukusi walikuwa wametapakaa sakafuni kama kahawa iliyomwagika. Nilikuwa kijana, na nilijiona mkubwa.

"Mzee, wote wamekufa?"

"Wote."

"Hata mmoja hakubaki?"

"Hapa ndani, dunia yao imeisha."

Nikacheka. "Basi sisi ndio kiama chao."

Hakucheka. "Kiama iko na Mungu," akasema. "Hii ni sisi tu."

Miaka ikapita hivyo, meli baada ya meli. Sitawachosha. Kisha kampuni ikatuletea meneja mpya, tuliyemwita Profesa. Alizaliwa Kisauni, akaenda ng'ambo kusomea wadudu, akarudi na Kiswahili chake hakijapata doa. Alituamkia kila mmoja kwa jina. Alituletea barakoa mpya. Alitueleza gesi ile inamfanya nini mtu ndani ya mwili, kwa nini maziwa hayasaidii chochote ingawa sote tulikuwa tukinywa maziwa, na kwa nini mtoto huwahi kufa kabla ya mtu mzima. Sitaki mdhani alikuwa mtu wa hovyo. Angekuwa wa hovyo, hadithi hii ingekuwa rahisi. Alijua gesi ile kuliko sisi sote, na tulimpenda.

Saa ya chai alikaa nasi juu ya magunia, na alipenda mazungumzo mazito. Siku moja, kikombe mkononi, akauliza:

"Hebu nambieni. Hawa fukusi wa leo tumewamaliza. Nani amepata hasara?"

"Fukusi," nikasema.

"Fukusi yupi? Hayupo. Hasara inataka mwenyewe. Sasa chukueni binadamu. Viumbe wangapi wametutangulia na wameisha? Na sisi tutaisha, kwa maradhi, kwa joto, au kwa jua lenyewe kuzimika. Haya, tuseme sote tunalala siku moja na hatuamki. Hakuna maumivu. Hakuna mjane, hakuna yatima. Hakuna atakayebaki kulalamika. Ubaya uko wapi?"

Kuli mmoja akasema astaghafirullah na kuhama na kikombe chake. Sisi wengine tulibaki, maana si kila siku mtu wa digrii anakuuliza ubaya uko wapi.

"Profesa, wewe uko na watoto?" Mutua akauliza.

"Ninao wawili. Wako ng'ambo na mama yao."

"Waambie hayo maneno, uone watasema nini."

"Mzee Mutua," Profesa akatabasamu, "mambo makubwa hayapimwi kwa kumtaja mtoto wa mtu."

Tukacheka. Tuliyemcheka ni Mutua. Jioni ile, kwenye feri, niliwatazama watu walivyobanana na mabaiskeli yao na mafurushi yao, nikajaribu kufikiri hawapo. Nikamwondoa mwenye mbuzi, nikawaondoa wanafunzi, nikaiondoa feri yenyewe. Sikufaulu. Kila nikiwaondoa wote nilibaki mimi ninayetazama. Nikajiambia Profesa ameweza kujiondoa na yeye mwenyewe, ndiyo faida ya kusoma.

Sasa nifike kwenye godauni la Chaani, maana ndilo mliloniulizia zaidi, na mmelisikia kwa mdomo wa watu wasiokuwapo.

Godauni hilo lilikuwa la zamani, la matofali ya saruji. Mtu mmoja mwenye kiwanja nyuma yake alijenga vyumba vya kupangisha, na ili kupunguza gharama hakujenga ukuta wa nyuma. Aliegemeza vyumba kwenye ukuta wa godauni. Katika chumba cha mwisho walikaa Chengo na mkewe Kadzo, Wagiriama wa Kaloleni. Chengo alikuwa dereva wa lori la masafa, akipeleka mizigo mpaka mpakani Malaba. Kadzo alipika mahamri na kuwauzia madereva, na sisi pia. Mahamri yake yalikuwa na iliki ya kweli, si harufu ya iliki. Walikuwa na watoto watatu: Sidi, msichana mkubwa, na wadogo zake Karisa na Dama, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Mahindi yalikuja mengi mwaka ule, na yalikuja na fukusi. Malori ya bara yalipanga foleni mpaka barabara kuu, na kila dereva alikuwa na simu ya bosi wake sikioni. Mutua alizunguka godauni kama kawaida yake, akarudi akamwita Profesa. Nilikuwapo. Kule nyuma, kati ya tofali na tofali, saruji ilikuwa imemomonyoka, na ukichuchumaa ndani ya godauni ulimwona Dama upande wa pili, ameketi sakafuni na kijiko. Profesa alichuchumaa. Akaingiza kidole kwenye ufa, kikaenda chote.

"Kweli," akasema. "Ni mpana."

Nawaambia haya ili mtu asije akawadanganya kwamba hakujua.

Alinituma nikawaambie watu wa nyuma wahame mpaka tufunue. Majirani wa vyumba vingine walihama upesi, maana walikuwa na pa kwenda. Kadzo nilimkuta anachekecha unga.

"Mama Sidi, kesho tunaweka dawa. Lazima mtoke, mpaka tuje tuwaambie wenyewe."

"Nitoke niende wapi, Hamisi? Na unga nishanunua?"

"Nenda kwa mama yako Kaloleni."

"Kaloleni mahamri nitamuuzia nani, mbuzi?" Akacheka, lakini aliniona sicheki. "Haya. Sidi atatangulia kwa bibi yake leo. Mimi na hawa wadogo tutajibana kwa rafiki yangu huku chini. Lakini mfanye haraka, baba. Wateja wakizoea kwa mwingine hawarudi."

Kesho yake vyumba vilikuwa vitupu. Mutua akataka vitu viwili: fundi apige plasta ule ufa, na mmoja wetu akae nyuma muda wote mpaka tufunue. Profesa akasema fundi atapatikana Jumatatu, na malori hayangoji Jumatatu. Tutaziba kwa magunia na utepe, akasema, na askari wa lango ataangalia huko nyuma.

"Mimi sifungui," Mutua akasema.

"Mzee, usinilazimishe."

"Sifungui mkebe. Lete plasta."

Profesa akanigeukia. "Na wewe, Hamisi?"

"Mimi niko na mzee," nikasema.

Hakupandisha sauti. Alituambia kwa upole twende nyumbani tukapumzike. Tulikuwa bado tunavua ovaroli wakati gari lililoleta kikosi kingine lilipoingia. Walikuwa vijana wazuri, walilitandika turubali vizuri, sina neno nao. Hawakuambiwa kuna ufa. Waliambiwa kuna haraka.

Yaliyofuata niliyasikia kwa mdomo wa askari wa lango mwenyewe, mbele ya watu, kwenye uchunguzi. Alisema siku ya pili jioni Kadzo alimjia. Rafiki yake alikuwa amepata wageni, watoto wanalala chini, na yeye anataka kurudi kwake akande unga wa asubuhi. Akamuuliza askari kama ni salama. Askari, naye si mtu mbaya, akasema hajui, ngoja. Akapiga simu ofisini. Jibu lilikuwa kwamba turubali limebana, hakuna shida.

Aliuliza. Mnisamehe nikilirudia. Mwanamke yule aliuliza kwanza, akajibiwa.

Chengo alirudi kutoka Malaba asubuhi iliyofuata. Aliona mlango umefungwa na hakuna moshi, na kwa kawaida saa ile mkewe huwa ameshamaliza sufuria ya kwanza. Akabisha. Akavunja bawaba. Mimi habari nilizipata nikiwa naingia kwenye feri, na nilipofika Chaani polisi walikuwa bado hawajafika, na Mutua alikuwa amesimama nje na mikono yake kichwani.

Niliingia. Kadzo alikuwa amefika mlangoni. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Karisa alikuwa kitandani, na kando yake beseni alilotapikia. Dama alikuwa chini ya meza. Na juu ya meza palikuwa na bakuli kubwa la unga wa mahamri, uliokandwa jana yake na kufunikwa kwa kitambaa. Ulikuwa umeumuka. Hamira ilikuwa imefanya kazi yake, na unga ukakiinua kitambaa, ukafurika bakuli, ukawa unateremka mguu wa meza polepole, mweupe, mzima. Kila mtu ndani ya chumba kile alikuwa amekufa na unga unaendelea kungoja kukatwa.

Chengo alikuwa amekaa kwenye ngazi, funguo za lori bado mkononi. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Sidi yuko wapi?"

"Yuko Kaloleni kwa bibi yake."

Akaitikia kwa kichwa. Sijapata kuona tena uso kama ule, uso wa mtu anayeshukuru na kulaani kwa pamoja.

Mwanzo walisema ni chakula kibaya. Halafu wakasema ni jiko la makaa. Mimi na Mutua tulieleza habari ya ufa, na wachunguzi wakaenda kuutazama, wakakuta ukuta laini, umepigwa plasta na kupakwa rangi. Plasta ile tuliyoiomba ilipatikana siku ya mazishi. Kesi ikaenda mahakamani, ikawa inaahirishwa mpaka Chengo akachoka kuomba ruhusa kazini. Mutua akafukuzwa kwa utovu wa nidhamu, kwa kukataa amri. Mimi hawakunifukuza. Nadhani waliona aibu kufukuza wawili kwa kosa la kuwa na haki. Niliendelea na kazi. Mmenijua kuanzia hapo: mzee mkali, anayechelewesha mzigo, anayezunguka ukuta na kunusa kama mbwa. Nilikuwa nasikia mkinicheka, na sikujali.

Profesa alikaa nasi miezi michache zaidi. Siku moja alikuja tena saa ya chai, akaketi pale pale pake. Alikuwa amekonda. Wenzangu wakaondoka mmoja mmoja, nikabaki mimi.

"Hamisi," akasema, "daktari ameniambia walilala tu. Hawakujua lolote."

"Kadzo alikuwa mlangoni," nikasema. "Mkono kwenye komeo."

Kisha akaanza, kwa sauti ile ile nzuri: "Ukilitazama jambo kwa mbali, sote tuko njiani kwenda huko huko. Baada ya miaka elfu nyingi hakuna atakayekuwapo wa kusema..."

"Profesa, unga ulikuwa umeumuka."

"Unga gani?"

Sikumweleza. Lakini ninyi nitawaeleza, maana nimelifikiria neno hili miaka yote, na nadhani ndilo jibu langu la lile swali lake la siku ya kwanza. Tuseme kweli walilala. Tuseme hakuna beseni, hakuna komeo. Tuseme hata Chengo na Sidi walikuwamo chumbani, na wote wameondoka kwa utulivu, na hakuna aliyebaki kulalamika. Bado pale mezani palikuwa na unga wa asubuhi. Kadzo aliukanda kwa sababu kuna kesho na kuna watu ndani yake. Karisa alikuwa na nguo za shule zimefuliwa, zimeanikwa. Dama alikuwa amejifunza hatua mbili tatu na alikuwa anakwenda mahali. Mtu hafi akiwa amekamilika. Hufa akiwa katikati ya jambo, na nusu iliyobaki huwa mikononi mwa mwingine. Akifa huyo, huchukua mwingine. Siku asipobaki wa kuchukua, yote yaliyoanzwa na kila mtu aliyewahi kuishi yatabaki bakulini. Hiyo ndiyo hasara, na haihitaji mwenye kulia ili iwe hasara.

Na jambo la pili, ambalo ni la uchungu zaidi. Watu wanaozungumza kwa utulivu juu ya mwisho wa binadamu, nimegundua, huwa hawakai upande wa pili wa ukuta wa mtu. Wakisema "sote tutaondoka," wanajua nani ataondoka kwanza. Profesa alihamishiwa makao makuu ng'ambo, karibu na watoto wake. Nasikia anaalikwa kutoa mihadhara.

Mutua alibaki Chaani. Kifua chake kilikuwa kimeliwa na dawa, na hakutaka kurudi Machakos kuonekana vile. Nilikuwa nampitia Ijumaa baada ya swala, nimembebea machungwa. Aliyamenya asiyale. Siku moja, bila mimi kuuliza kitu, akasema:

"Profesa alikuwa na haki."

"Ati nini, mzee?"

"Watu waishe. Lakini si kwa usingizi, hapana. Waamke waone. Mtu anaweka kidole kwa ufa, anajua, halafu anaenda kunywa chai. Hiyo kitu iendelee ya nini?"

"Wapo wengine, mzee."

"Wako wapi? Walisema nini kortini?"

"Wapo watoto."

"Watoto wanakua, wanakuwa mameneja."

"Na sisi je? Mimi na wewe?"

"Sisi pia. Unafikiri sisi ni nani?"

Nilijaribu kumwambia yale ya unga. Alinisikiliza, akakohoa sana, akasema hayo ni maneno ya mtu ambaye bado anakwenda kazini. Nilimsikia Profesa mara nyingi akisema watu waishe, nisiogope. Mutua alipolisema niliogopa, kwa sababu Profesa alilisema kwa kutowaona watu, na Mutua alilisema kwa kuwaona sana. Yule aliyenifundisha kusikiliza gunia alikuwa amesikia mengi mno.

Alikufa mwaka uliofuata. Tulimpeleka kwao. Mhubiri alisema marehemu alikuwa mtumishi mwaminifu wa kampuni, kwa hivyo ni wazi hakuwa ameuliza mtu.

Mimi nilistaafu nikidhani kwamba hayo yamekwisha, na kwamba katika watu wawili niliowajua, mmoja alidharau binadamu akapandishwa, mwingine akawachukia akafa. Kisha, wiki chache baada ya kuagwa, nilikwenda Changamwe kufuatilia mambo yangu, nikaingia kwenye kibanda cha chai kungoja jua lipungue. Mtu mnene mwenye kofia akanisogezea benchi. Ilinichukua muda kumtambua Chengo. Siku hizi haendi masafa. Anazungusha makontena hapo hapo kati ya bandari na yadi za Changamwe.

Tuliulizana hali, kwa urefu, kama ipasavyo. Kisha akasema, bila furaha:

"Sidi amezaa."

"Alhamdulillahi! Hongera, babu."

"Usinipe hongera. Nilimkataza."

"Ulimkataza kuzaa?"

"Alipoolewa nilimwita nikamwambia, mwanangu, ukoo huu uishie kwako. Na si ukoo tu. Hata watu wote wakiisha, mimi sitasimama kuwaaga. Unamleta mtu hapa aje afanywe nini? Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu, mtoto wa mama yake. Halafu akazaa."

"Umemwona mtoto?"

"Sikwenda. Sidi akituma salamu, siitiki. Nilijua nikimwona nitaanza upya, na mimi sikutaka kuanza."

Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukorogwa.

"Kisha?"

"Kisha akaugua. Homa kali, degedege. Sidi akanipigia simu nikiwa kwenye foleni Kipevu, kontena mgongoni. Nilizima gari nikaliacha pale pale, Hamisi. Katikati ya barabara. Malori nyuma yangu yanapiga honi, askari ananifuata ananitukana, nami nakimbia kwa miguu na tumbo hili. Ningefukuzwa kazi. Karibu nifukuzwe."

"Na mtoto?"

"Mzima. Ana meno mawili, ananiuma."

Alisema hivyo kwa hasira, kama mtu anayeshitaki. Nikamuuliza juu ya lile neno la Mutua ambalo nilishindwa kulijibu.

"Baba Sidi, na sasa? Bado wasema watu waishe?"

Alinitazama usoni. "Nasema. Kila siku nikiamka nasema. Sijamsamehe hata mmoja." Akaifuta midomo kwa kiganja. "Lakini yule si watu. Yule nimemwacha amelala, na Sidi anaingia zamu kazini saa nane, abaki na nani?"

Akainuka kabla chai haijaisha, akavaa kofia, akaniaga kwa kunishika bega. Akavuka barabara kati ya malori akikaza mwendo, kama mtu anayengojwa.